Aliyebakwa vitani asipomjua aliyembaka, sheria inamshika nani?

Mpwa wa Kasulu anauliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote salamu. Naomba maelezo ya kisheria juu ya jambo ambalo familia yetu imekaa nalo kimya kwa zaidi ya miaka kumi, na ambalo sasa limeniangukia mimi kwa sababu tu ndiye ninayesoma karatasi za ofisini bila kusaidiwa.

Mama yangu mdogo ni mkimbizi kutoka Kivu Kusini na anaishi katika kambi ya Nyarugusu, hapa wilayani Kasulu. Mwaka 2013, kabla hajavuka Ziwa Tanganyika, watu wenye sare na bunduki waliingia kijijini kwao wakapiga kambi kwa siku kadhaa, na katika siku hizo yeye na wanawake wengine wa kijiji walibakwa. Majuma machache baadaye alijikaza akaenda kueleza yaliyompata kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Akapewa karatasi yenye mistari minne iliyoandikwa kwa mkono, na anayo mpaka leo, ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi yake ya mgao wa chakula. Inasema kwamba mtajwa "alifanyiwa mambo mabaya na watu wasiojulikana". Aliyeiandika alimweleza kwamba bila jina la mtuhumiwa faili haliwezi kusogea, akamwambia aende nyumbani akatulie.

Juma lililopita alinipa karatasi hiyo nimsomee kwa sauti. Nilipofika kwenye maneno hayo alinikatiza akaniuliza: "Sasa kama hawajulikani, ina maana hakuna aliyefanya?" Sikuwa na la kumjibu.

Ninachoomba kujua ni hiki. Mtu aliyebakwa vitani, asiyejua jina wala hakumbuki vizuri sura ya aliyembaka, anaweza kudai mtu yeyote ashtakiwe? Ikiwa anaweza, ni nani huyo anayeshtakiwa, na je, muda huu wote uliopita haujaifuta haki yake? Kuna mzee mmoja hapo kambini anayesema kwamba vita ni vita na mambo ya vitani huisha na vita. Mama mdogo humsikiliza kwa heshima, lakini naona haamini.

Mstaafu wa Arusha anajibu:

Marahaba mwanangu, na mfikishie mama yako mdogo pole yangu. Mimi si mwanasheria. Nilifanya kazi ya ofisini kwa miaka kadhaa katika jengo la mikutano la AICC, Arusha, wakati Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilipokuwa ikikaa humo, na kila nilipopata nafasi nilikwenda kuketi nyuma ya kioo, mahali pa wasikilizaji. Nitakujibu kwa kesi moja tu, kwa sababu karatasi uliyoieleza imenirudisha kwenye kesi hiyo kwa maneno yake yote mawili: "mambo mabaya" na "wasiojulikana".

Jean-Paul Akayesu alikuwa mkuu wa komuni ya Taba nchini Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Alikamatwa Zambia mwezi Oktoba 1995, akaletwa Arusha mwaka uliofuata, na kesi yake ikaanza kusikilizwa Januari 1997. Hati ya mashtaka ilikuwa na mashtaka 12, na hakuna hata moja lililotaja ubakaji. Kisha shahidi mmoja, aliyeitwa kwa herufi J ili jina lake lisitiriwe, akiwa kizimbani kwa ajili ya mambo mengine kabisa, akasema kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa na Interahamwe watatu, yaani wanamgambo wa Kihutu waliofanya mauaji yale. Shahidi mwingine, H, akaeleza kwamba yeye mwenyewe alibakwa na kwamba aliona wengine wakibakwa karibu na ofisi ya komuni. Katika jopo la majaji watatu alikuwamo mwanamke mmoja, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, na majaji hawakuyaacha maneno yale yapite. Kesi ikasimama, uchunguzi ukarudiwa, na mwezi Juni 1997 hati ikaongezwa mashtaka matatu ya ukatili wa kingono. Mara nyingi nimewaza kwamba kama wanawake wale wawili wangejibu walichoulizwa tu, huenda tungekuwa na hukumu tofauti sana.

Sasa zingatia jambo hili, kwa sababu ndilo swali lako. Akayesu hakushtakiwa kwamba yeye kwa mwili wake alimbaka mtu. Waliobaka walikuwa Interahamwe, na hukumu haikusubiri kila mmoja wao ajulikane kwa jina ndipo itolewe. Kilichothibitishwa ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa mwenye mamlaka pale, kwamba watu walikimbilia ofisini kwake wakitafuta ulinzi, kwamba alikuwapo wakati wanawake wakiburutwa, na kwamba badala ya kuzuia alitia moyo. Shahidi JJ aliyaeleza yaliyotendeka katika jengo la utamaduni lililokuwa jirani na ofisi ile: alimwona Akayesu amesimama mlangoni, akamsikia akiwaambia Interahamwe kwa sauti wasimuulize tena mwanamke wa Kitutsi ana ladha gani. Ukiyasoma maneno hayo leo, utaona hayakuwa amri kwa sarufi yake. Mahakama iliyapima kwa cheo cha aliyeyatamka na kwa masikio ya waliokuwa wakiyasikia, ikaona ni uchochezi.

Tarehe 2 Septemba 1998 alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, ubakaji ukiwamo katika yote mawili, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Mwezi mmoja baadaye alipewa kifungo cha maisha. Kwa shtaka la ubakaji peke yake ilikuwa miaka 15. Rufaa yake ilikataliwa tarehe 1 Juni 2001.

Nije kwenye "mambo mabaya". Mashahidi walitumia maneno kadhaa ya Kinyarwanda, na wakalimani walihangaika nayo: *gusambanya*, *kurongora*, *kuryamana*, *gufata ku ngufu*. Hilo la mwisho ni lile lile mnalolisema ninyi wa Kivu, "kushikwa kwa nguvu". Hilo la pili hutumika pia kwa kuoa. Majaji walitenga aya nzima katika hukumu kuyachambua maneno hayo, kwa sababu walijua kwamba kesi inaweza kufa katika tafsiri. Kisha wakaeleza ubakaji kuwa uvamizi wa mwili wenye asili ya kingono unaofanywa dhidi ya mtu katika mazingira ya kulazimishwa, na wakaongeza kwamba kulazimishwa si lazima kuwe kupigwa: vitisho vinatosha, na katika hali fulani kuwapo kwa wenye silaha katikati ya watu waliokimbia kunatosha. Karatasi inayosema "mambo mabaya" inaweza kuwa inazungumzia mbuzi walioibwa. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya kurekebisha.

Wakili wa Ibanda anajibu:

Dada, Mzee wa Arusha amenipunguzia kazi. Mimi ni mwanasheria wa Bukavu, ingawa tangu mji ulipotekwa Februari 2025 ninaandika nikiwa mbali nao. Nianze na kosa la aliyeandika karatasi: jina la mtuhumiwa si sharti la kupokea malalamiko. Sheria ya Kongo inakubali malalamiko dhidi ya mtu asiyejulikana, na kumtafuta mtu huyo ni kazi ya mwendesha mashtaka na wachunguzi wake. Mlalamikaji anatakiwa aeleze yaliyompata, basi.

Tena mwaka huo wa 2013, sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 zilikuwa zimekwisha kufanya kazi kwa miaka saba. Namba 06/018 ilipanua maana ya ubakaji na kuuwekea kifungo cha miaka 5 hadi 20. Namba 06/019 ilitaka uchunguzi wa awali umalizike ndani ya mwezi mmoja, ikazuia kesi kuzimwa kwa kulipa faini ya maelewano, na ikaagiza daktari na mwanasaikolojia waitwe. Juu ya hizo ipo Katiba ya 2006, ambayo kifungu chake cha 15 kinatamka kwamba ukatili wa kingono unaofanywa kwa nia ya kuvuruga na kuitawanya familia na kuwafutilia mbali watu ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Waliokiandika kifungu hicho walijua wanaishi wapi.

Kuhusu kumjua mbakaji, nitakupa kesi mbili za kwetu, moja iliyofaulu na moja iliyotuvunja moyo, kwa sababu tofauti yao ndiyo jibu.

Kati ya 2013 na 2016, katika eneo la Kavumu, kaskazini mwa Bukavu, wasichana wadogo wapatao 40 walichukuliwa majumbani mwao usiku, wakabakwa. Wengine walikuwa wachanga kiasi cha kutoweza kusema lolote. Hapo hakuna wa kutaja jina. Kwa muda mrefu kila tukio lilibaki na faili lake, na kila faili likisimama peke yake lilikuwa bovu: mtoto mmoja, usiku mmoja, mtuhumiwa hakuna. Mambo yalianza kubadilika pale mafaili yalipowekwa juu ya meza moja yakasomwa kama kesi moja, na mtu akauliza ni nani mwenye kundi la silaha katika eneo hilo. Mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini ilihamia Kavumu kwenyewe kuisikiliza kesi. Watoto hawakusimamishwa mbele ya washtakiwa. Mahojiano yao yalikuwa yamekwisha kurekodiwa kwa video, na mashahidi wengine walijitokeza wakiwa wamefunikwa mwili mzima huku sauti zao zikibadilishwa. Tarehe 13 Desemba 2017 mbunge wa jimbo, Frédéric Batumike, aliyeongoza kundi lililojiita Jeshi la Yesu, alihukumiwa kifungo cha maisha pamoja na wenzake kumi kwa ubakaji na mauaji kama uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mahakama Kuu ya Kijeshi iliithibitisha hukumu hiyo Julai 2018.

Kesi ya pili ni ya Minova. Mwezi Novemba 2012, wanajeshi wa serikali waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Goma walijazana katika mji ule mdogo, na kwa siku kama kumi wanawake na wasichana wengi wakabakwa. Kesi ilifunguliwa Goma, washtakiwa 39. Wanawake walitoa ushahidi wakiwa wamefunikwa nyuso, wakaeleza kila kitu. Tarehe 5 Mei 2014 hukumu ikasomwa, na waliopatikana na hatia ya kubaka walikuwa wanajeshi wawili wa vyeo vya chini, kila mmoja kwa tukio moja. Makamanda wa juu hawakushtakiwa kabisa. Hakuna aliyebisha kwamba wanawake walibakwa. Kilichokosekana ni daraja la kutoka kwa mwanamke aliyebakwa hadi kwa mtu mwenye jina: kikosi gani kililala mtaa gani, usiku gani, chini ya nani, na huyo aliyekuwa juu yao aliambiwa nini akafanya nini.

Kwa hiyo, dada, mama yako mdogo hadaiwi jina. Anadaiwa vitu ambavyo huenda anavijua kuliko jenerali yeyote: walikuja siku gani ya soko, walitokea barabara ipi, walilala wapi, walisema lugha gani wao kwa wao, sare zilikuwa za namna gani, nani alikuwa na redio ya mawasiliano, nani alipopita wengine walisimama. Kwa sheria, kamanda hushikwa kwa njia zaidi ya moja. Anashikwa akiwa ameamuru au amechochea, kama alivyosema Mzee. Anashikwa pia, chini ya kifungu cha 28 cha Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, akiwa alijua au alipaswa kujua kwamba askari wake wanatenda uhalifu, na hakuchukua hatua zilizo ndani ya uwezo wake kuwazuia au kuwapeleka kwenye mkono wa sheria.

Kuhusu muda, yule mzee wa kambini amekosea. Uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya ubinadamu na mauaji ya kimbari havifutwi na miaka, na sheria yetu ya msamaha ya Februari 2014 iliyowasamehe waasi iliuacha nje uhalifu huo pamoja na ubakaji. Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa waasi ambaye kundi lake lilihusika na mashambulizi ya Walikale, Kivu Kaskazini, ya tarehe 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, ambako Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa katika vijiji 13, alihukumiwa kifungo cha maisha Novemba 2020. Ni zaidi ya miaka kumi.

Muuguzi wa Zamu anajibu:

Naongeza la upande wa hospitali, kwa sababu naona wengi husoma mijadala hii wakiwa na jambo la jana wala si la 2013. Aliyebakwa afike kituo cha afya ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifanyi kazi baada ya hapo. Za kuzuia mimba zinaweza kutolewa hadi saa 120. Hapa Tanzania hudaiwa fomu ya polisi, PF3, lakini matibabu ya dharura hayapaswi kusubiri fomu. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye karatasi au bahasha kavu, kwa sababu mfuko wa nailoni huzifanya zioze.

Kwa mama mdogo, mpwa wake asidhani kwamba kwa kuwa miaka imepita hakuna la kupima. Kuna makovu, kuna matatizo ya kibofu na ya uzazi, kuna kushtuka usiku na kukwepa sehemu fulani, na yote hayo mtaalamu huyaandika kwa lugha ambayo mahakama inaielewa. Nimeona pia vyeti vilivyoandikwa kwa haraka, "hakuna jeraha", na wakili wa upande wa pili akavishika kama ngao. Mwanamke mzima, hasa aliyekwisha kuzaa, anaweza kubakwa na watu watatu na asiwe na mchubuko hata mmoja. Cheti kiseme hivyo waziwazi. Katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kanuni ya 63 inawakataza majaji kudai ushahidi wa kuunga mkono ili kuthibitisha uhalifu wa kingono, na kanuni ya 71 haipokei habari za maisha ya kingono ya mwathirika ya kabla wala ya baada. Mahakama nyingi za kawaida bado zina safari ndefu kufika hapo.

Jambo moja la mwisho: asihojiwe na kila anayefika kambini na daftari. Kila mara anaposimulia maelezo hutofautiana kidogo, ndivyo ubongo wa mtu aliyeumizwa ulivyo, na tofauti hizo ndogo ndizo atakazoulizwa kizimbani.

Baba Furaha anajibu:

Nawaheshimu wote waliotangulia, ila msimpe mama huyu matumaini yasiyo na mguu. Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi wa Ituri, alihukumiwa mwaka 2012 na hiyo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague kwa kuwatumia watoto kama askari, na ubakaji haukuwa hata kwenye mashtaka yake. Germain Katanga alitiwa hatiani mwaka 2014 kwa shambulizi la kijiji cha Bogoro, huko huko Ituri, lakini kwa ubakaji na utumwa wa kingono akaachiwa. Jean-Pierre Bemba alihukumiwa Machi 2016 kama kamanda kwa ubakaji uliofanywa na askari wake Jamhuri ya Afrika ya Kati, ikasemwa kwamba historia imeandikwa, na Juni 2018 majaji watatu kati ya watano wa rufaa wakaifuta hukumu yote. Na hao wanaofungwa kwetu wanafungwa wapi? Januari 2025 gereza la Munzenze mjini Goma lilivunjwa, maelfu ya wafungwa wakatoka, na wanawake waliokuwa wamefungwa humo humo wakabakwa kabla ya kuungua. Nimetaja hilo moja tu.

Halafu fidia. Mahakama zetu zimezoea kuandika kwamba serikali italipa pamoja na mshtakiwa, na kila mwanamke anatajiwa kiasi chake kwa dola. Ninawajua walioshinda kesi zaidi ya miaka kumi iliyopita, nakala ya hukumu imechakaa mikononi, na hawajapokea hata nauli ya kurudia mahakamani kuuliza.

Wakili wa Ibanda anajibu:

Baba Furaha, sina neno lako hata moja la kukanusha. Nitaongeza kikwazo ambacho hukukitaja: katika mahakama zetu za kijeshi, jaji lazima awe na cheo kisicho chini ya cha mshtakiwa, na majenerali wa kuwahukumu majenerali hawapatikani kwa urahisi. Ndiyo maana hukumu ya Jenerali Jérôme Kakwavu ya Novemba 2014, miaka 10 kwa makosa ambayo ubakaji ulikuwamo, tunaitaja mpaka leo kama watu wanaotaja mvua ya kiangazi.

Hata hivyo, tazama ubakaji ulivyopotea katika kesi za Lubanga na Katanga, kisha mtazame Bosco Ntaganda, aliyepigana katika vita vile vile vya Ituri na aliyekuwa chini ya Lubanga katika kundi moja. Kwake yeye waendesha mashtaka waliuweka ubakaji kwenye hati kabla kesi haijaanza, badala ya kuungoja uchomoze katikati ya kesi. Julai 2019 alitiwa hatiani kwa makosa yote 18, yakiwamo ubakaji na utumwa wa kingono, hata dhidi ya wasichana waliokuwa askari katika kundi lake mwenyewe. Mawakili wake walidai kwamba sheria za vita hazimlindi askari dhidi ya wenzake, majaji walikataa. Alipewa miaka 30, na rufaa yake ilishindwa Machi 2021. Dominic Ongwen, kamanda wa waasi wa LRA wa Uganda, alifuata Februari 2021, na katika makosa yake kukawamo ndoa ya kulazimishwa na, kwa mara ya kwanza katika mahakama hiyo, mimba ya kulazimishwa. Kuhusu Bemba, wengi wa majaji wa rufaa walisema hukumu haikupima vizuri mipaka ya kile ambacho kamanda aliye mbali, katika nchi nyingine, angeweza kufanya. Mimi naona walikosea, na wenzao wawili waliona hivyo. Kwa dada yetu fundisho lake ni la kiufundi: usiishie kuonyesha kwamba kamanda alikuwapo cheoni, onyesha alichoweza kufanya siku ile akakiacha.

Fidia sasa ina sheria yake, namba 22/065 ya Desemba 2022, iliyoanzisha mfuko unaolishwa na sehemu ya mrabaha wa madini, na haimlazimishi mwathirika kushinda kesi kwanza. Utekelezaji wake ni hadithi nyingine, lakini jina la mama mdogo lisiwe nje ya orodha kwa sababu ya karatasi ya mistari minne.

Na kwa kuwa yuko Nyarugusu: mtu yeyote, akiwa popote, anaweza kupeleka taarifa kwa mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambayo mamlaka yake juu ya Kongo yanaanzia tarehe 1 Julai 2002. Nisimdanganye: Oktoba 2024 ofisi hiyo ilitangaza kwamba itaelekeza macho zaidi Kivu Kaskazini na kwa matukio ya tangu Januari 2022. Ila mtuhumiwa naye husafiri. Kunti Kamara, aliyekuwa kamanda wa waasi nchini Liberia, alibainika Ufaransa, akahukumiwa Paris mwaka 2022 kwa uhalifu wa Liberia wa miaka ya 1990, ikiwamo kushiriki katika ubakaji uliofanywa na watu aliokuwa akiwaongoza. Wanawake wa Lofa, eneo la Liberia yalikotendeka hayo, waliosafiri kwenda kumtolea ushahidi walikuwa wamengoja karibu miaka 30.

Mpwa wa Kasulu anaandika tena:

Nawashukuru sana. Jana jioni nilikaa na mama mdogo nje ya nyumba yake akichambua maharage, nikamsomea maswali ya Wakili moja baada ya jingine bila kumharakisha. Nilidhani atajibu mawili au matatu. Alijibu mpaka giza likaingia. Walilala katika shule ya msingi, vyumba viwili vya mwisho. Yeye na wenzake wanne waliteka maji ya kuwapelekea kila asubuhi kwa siku nane, kwa hiyo alijua wako wangapi kwa kuhesabu madumu. Walikuwa na mkubwa wao ambaye hakubeba bunduki, alibeba fimbo, na walimwita kwa jina la mnyama ambalo sitaliandika hapa. Jioni alizungumza kwenye redio akiwa amesimama juu ya tofali chini ya mwembe, kwa sababu mahali pengine haikushika. Siku ya pili mwalimu mkuu alikwenda kumlalamikia juu ya wanawake, na huyo mkubwa akacheka mbele ya watu. Katika wale wanne wa maji, wawili wapo hapa hapa kambini.

Nilipomaliza aliniuliza kwa nini yule wa ofisini hakumuuliza hata moja kati ya hayo.

Nina swali moja lililobaki. Kiswahili anakizungumza vizuri, lakini alipofika kwenye tukio lenyewe alihamia Kibembe, na huko alilitaja kwa neno lake bila kuzunguka. Je, niyaandike maelezo kwa Kiswahili ili yaeleweke, au nifanyeje?

Mstaafu wa Arusha anajibu:

Usiyaandike wewe, mwanangu. Wewe ni ndugu, na mawakili watasema ulimwekea maneno kinywani. Tafuteni, kwa msaada wa Wakili, mtu aliyefunzwa kuchukua maelezo, kisha yaandikwe kwa Kibembe kama alivyoyasema, neno lile likiwamo, na tafsiri ya Kiswahili iwekwe pembeni na jina la aliyetafsiri. Karatasi ya zamani msiitupe. Na wale wawili wa maji, kila mmoja asikilizwe peke yake.